Naomba ushauri: mashine ya kukatia majani inapanda na kushuka mlio tangu ilipotolewa stoo

Mtunza Bustani wa Bwejuu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninatunza bustani ya nyumba ya wageni huku pwani ya mashariki ya Unguja, na mashine yetu ni ile ya kusukuma kwa mkono yenye injini ya petroli ya silinda moja, inayotiwa oili mahali pake na petroli mahali pake. Kiangazi chote ilikaa stoo kwa sababu majani yalikuwa yamekauka, na masika yalipoanza ukoka ukapanda kwa kasi, nikaitoa kazini. Inawaka baada ya kuvutwa kamba mara nyingi, lakini mlio wake hautulii: unapanda, unashuka, unapanda tena, na nikivuta choki nusu unatulia kidogo. Jambo la pili, kijana anayenisaidia aliilaza ubavu ili asafishe chini, na ilipowashwa ikatoa moshi mweupe mwingi. Jambo la tatu ni kwamba mikono inatetemeka mno ninapoishika, na majani yanabaki yamechanika ncha badala ya kukatika. Fundi mmoja ameniambia injini imekwisha na inahitaji kufunguliwa yote. Kabla ya kutoa fedha hizo, naomba wenye ujuzi wanieleze nianzie wapi.

Fundi Injini Ndogo, Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam. Usikubali injini ifunguliwe kabla ya kufunguliwa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mlio unaopanda na kushuka, kisha ukatulia choki inapovutwa, maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, kwani choki kazi yake ni kupunguza hewa. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta kwa miezi huvukiza sehemu yake nyepesi na kubakisha utando wa kunata, na utando huo ndio unaoziba tundu la jeti linalopitisha petroli, ambalo ni jembamba kiasi kwamba chembe moja inatosha kulikaba.

Kwanza chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, na jambo hili ulifanye kila mara unapoigusa mashine, hata kama unachotaka ni kung'oa jani lililonasa kwenye kisu. Mwaga petroli yote ya zamani. Kisha fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge kilichomo kwenye chombo cheupe. Ukiona vitone vinavyojitenga chini, hayo ni maji, na kwa unyevu wa huku kwetu tangi lililoachwa nusu halikosi maji. Baadhi ya injini zina tundu la jeti ndani ya bolti hiyo hiyo, kwa hiyo iangalie dhidi ya mwanga kabla ya kuirudisha. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, wala usitumie sindano ya chuma, kwani ikilipanua tundu hata kidogo injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Malizia kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, na uwe mwangalifu na mpira wa bakuli, maana ukikatika petroli itavuja.

Moshi mweupe usikutie hofu. Mashine ikilazwa upande usiofaa, oili hutoka kwenye kreki, yaani sehemu ya chini ya injini inakokaa oili, na kuingia ndani ya silinda na sailensa, na huungua yenyewe baada ya dakika chache. Kanuni ni moja: tangi likiwa karibu tupu, mashine iinuliwe huku chujio la hewa na kabureta vikitazama juu. Lakini likague chujio lenyewe, kwa sababu la karatasi likishalowa oili halisafishiki, ni kununua jingine. La sponji huoshwa kwa sabuni na maji, likakaushwa vizuri, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa.

Mwenyeji wa Wete

Mimi nina shaka na petroli yenyewe. Wengi wetu tumezoea mashine za kuning'iniza begani, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, na mara nyingi dumu lililo stoo ni hilo hilo moja. Muulize kijana ametia petroli ya dumu gani. Mchanganyiko huo ukitiwa kwenye injini yenye oili yake pembeni, haitakufa siku hiyo, lakini itafuka moshi na plagi itafunga masizi. Kosa la kinyume ndilo baya zaidi, kwani mashine ya begani ikitiwa petroli tupu, pistoni hukauka na kukwama. Hapa kwetu tumeyapaka madumu rangi mbili tofauti, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa tena.

Mtunza Bustani wa Bwejuu

Nashukuru sana. Bwana wa Wete, umegonga penyewe: dumu tulilonalo ni moja. Ninaomba pia mnieleze kuhusu oili. Dukani wananipa ile ya pikipiki, nami sijui kama inafaa, wala sijui ibadilishwe baada ya muda gani.

Fundi Injini Ndogo, Mwanakwerekwe

Watengenezaji wengi wa injini hizi, Briggs & Stratton wakiwamo, hupendekeza oili ya uzito wa SAE 30 kwa nchi za joto, na 10W-30 pia inakubalika, ingawa katika joto kali injini huila zaidi kidogo. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Injini mpya hubadilishwa oili baada ya saa 5 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 50 au mara moja kwa mwaka. Ila kwa mashine inayofanya kazi kwenye vumbi la mchanga wa pwani mimi nisingesubiri saa 50. Imwage oili injini ikiwa na joto kidogo ili uchafu utoke nayo. Injini nyingi za ukubwa huo huchukua kiasi cha nusu lita tu, kwa hiyo tia kidogo kidogo huku ukiangalia kijiti cha kupimia oili, mashine ikiwa mahali pa tambarare, kwa sababu oili ikizidi nayo huleta moshi. Oili chafu iweke kwenye chupa, usiimwage ardhini. Maji yetu ya visima yanatoka chini ya mwamba wa matumbawe, nao unapitisha kila kitu.

Plagi ikiwa na masizi, isugue kwa brashi, na nafasi ya ncha zake iwe baina ya milimita 0.7 na 0.8. Mapezi ya injini, yaani vibati vyembamba vilivyo nje ya silinda, nayo yasafishe, kwani injini hii hupozwa kwa hewa, na majani yakishajaa humo joto halina pa kutokea.

Mkaazi wa Paje

Sijaona aliyegusa suala la kutetemeka, na kwa ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hilo ndilo ningelitazama mwanzo. Ng'oa kisu, kinoe makali kwa tupa ukifuata mlalo wake wa asili, kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoinama ni mzito, na huo ndio wa kuendelea kunolewa mpaka kitulie sawa. Kisu kilichopinda au kupasuka usikinyooshe wala kukichomelea, kwani kikikatika kikiwa kwenye mwendo kinaweza kumuua mtu.

Mtunza Bustani wa Bwejuu

Kabureta imesafishwa na petroli mpya imetiwa, na mlio sasa umetulia bila choki. Moshi umekwisha. Kisu kimenolewa na kinakaa sawa kwenye msumari, lakini mtetemo umepungua tu, haujaisha.

Fundi Injini Ndogo, Mwanakwerekwe

Basi tazama shafti, yaani chuma cha injini kinachofungwa kisu. Waya wa plagi ukiwa umechomolewa, pima kutoka ncha moja ya kisu hadi ukingo wa bodi, kisha kizungushe taratibu na upime ncha ya pili mahali pale pale. Vipimo vikitofautiana, fungua kisu, kigeuze nusu mzunguko, ukifunge na upime upya. Tofauti ikihama pamoja na kisu, kisu ndicho kilichopinda, nawe nunua kingine. Ikibaki upande ule ule wa shafti, shafti imepinda kwa kugonga jiwe, na hiyo hainyooshwi: gharama ya kuibadilisha pamoja na ufundi hukaribia bei ya injini nzima, kwa hiyo hapo utafute injini nyingine uifunge kwenye bodi hiyo hiyo, ikiwa kutu haijaila. Uliza pia kama kamba imewahi kurudi kwa nguvu na kuupiga mkono, kwani hiyo huwa dalili ya kukatika kwa kii, yaani kipande kidogo cha chuma kinachoshikanisha flaiwili (gurudumu zito la injini) na shafti, na kii ni kitu cha bei ndogo.