Ushauri: sheria gani za zamani zinafaa kwa watoto wa miaka 8 hadi 12?

Papa_Kamalondo aliandika:

Yambo yenu wote. Niko Lubumbashi. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 11 na binti miaka 8, na kila Jumapili mchana wanaongezeka wawili wa jirani. Shemeji yangu aliniletea kutoka Ulaya kitabu cha Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi pamoja kwa dadu, kila mtu na mhusika wake, toleo la tano, kwa Kifaransa. Ni kizuri, picha zake watoto wanazigombania. Lakini kurasa zinapita 300, na hizo ni za wachezaji tu, mwongozaji, yule anayesimulia hadithi, ana kitabu chake.

Jumapili ya kwanza tulitengeneza wahusika. Jumapili ya pili tulimalizia kutengeneza wahusika. Ya tatu tukapigana na goblini wanne, vijitu wabaya wa hadithi, saa nzima ikaisha, na binti yangu akalala karibu na sahani ya karanga. Mkubwa yeye anasoma orodha ya uwezo wake kila zamu kama anachagua nguo za sikukuu.

Nasikia sheria za miaka ya 80 zilikuwa nyepesi zaidi. Nichukue zipi? Na je, ni kweli wahusika wanakufa ovyo? Binti yangu alilia siku mbili kuku wetu alipochinjwa. Tena hapa nina dadu za ludo tu, zile za nyuso 20 sijui nitazitoa wapi.

MwalimuKatuba:

Papa, umefika mahali pake. Toleo la Basic la mchezo huohuo, la 1981, aliloandika Tom Moldvay, ni kijitabu cha kurasa 64, na hizo 64 zinatosha wachezaji na mwongozaji pamoja. Linakupeleka ngazi ya 1 hadi ya 3, ambazo kwa watoto ni miezi mingi ya Jumapili.

Kinachorahisisha ni hiki: mtoto anarusha dadu tatu mara sita, anapata namba za nguvu, akili na kadhalika, halafu anachagua neno moja. Mpiganaji. Mwizi. Kibeti. Elfu, yule kiumbe wa hadithi za Ulaya anayefanana na mtu. Kwa sheria hizo kibeti si kabila unaloliunganisha na kazi fulani na historia fulani, kibeti ni kazi yenyewe. Kwa robo saa mko pangoni.

Ila badilisha jambo moja kabla ya kuanza. Katika sheria za zamani namba ya kinga ikishuka ndipo silaha inapata shida kukupata: asiyevaa kitu ana 9, mwenye vazi la mabamba ya chuma ana 3. Mtoto wa miaka 8 utamweleza mpaka jua lizame. Chukua 19, toa namba ya kitabu. Asiyevaa kitu anakuwa 10, mwenye mabamba 16. Anayeshambulia arushe dadu ya nyuso 20. Akifikia namba hiyo, amepiga. Kwa ngazi za mwanzo hesabu ni ileile, umeigeuza uso tu.

Yaya_Kenya:

Papa, achana na bile bitabu bikubwa. Batoto banataka paka kuingia mu pango na kuona kiko nini mule. Miye ninachezaka na batoto ya dada yangu, dadu ya nyuso 20 hatuna. Tulikamata bifuniko kumi bya chupa, tukaandika 0 mpaka 9, tukatia mu kamfuko. Unatosha kifuniko kimoja na unatupa dadu moya ya ludo: ikitoka 1, 2 ao 3, unabakia na namba ya kifuniko, ikitoka 4, 5 ao 6, unaongeza kumi. Ikitoka 0 bila kumi, ile njo 20. Kiisha unarudisha kifuniko mu mfuko, usisahau! Batoto banapenda ule mfuko kupita dadu.

FundiDadu:

Yaya hajakosea hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 70 dadu hizo zilipokuwa adimu, wachapishaji wenyewe waliweka ndani ya boksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, mtu anachomoa kwenye kikombe. Kwa hiyo unafuata mila.

Mzee_wa_Ruashi:

Mimi naenda kinyume kidogo. Sheria za zamani ni fupi, sawa, lakini ni kali. Mjuzi, yaani mhusika anayetumia uchawi, akiwa ngazi ya kwanza anarusha dadu ya nyuso 4 kupata pointi za uhai. Akipata 1, panya akimng'ata amekwenda. Boksi jekundu la 1983, la Frank Mentzer, ambalo pia lilitoka kwa Kifaransa, linaanza na hadithi unayoicheza peke yako ili ujifunze. Njia nzuri sana ya kufundisha. Lakini humo kuna kuhani wa kike anayekusaidia, na mchawi anamuua mbele yako. Nilimsomea mjukuu wangu. Akafunga kitabu, hakukigusa tena mpaka likizo iliyofuata.

Papa anaweza kubaki na toleo alilonalo, achape karatasi moja kwa kila mtoto yenye mambo matatu anayoweza kufanya, mengine ayafiche. Kosa la yule shemeji ni kuwapa watoto kitabu kizima.

MwalimuKatuba:

Mzee, nakuheshimu, lakini wanyama wa toleo la tano wana pointi za uhai nyingi na kila mhusika ana vitu vingi vya kufanya. Ukificha nusu, mtoto mkubwa atavitafuta. Huyo wa miaka 11 ameshavisoma!

Kuhusu kifo: wape pointi za juu kabisa za dadu yao ngazi ya kwanza, na atakayefika sifuri azimie badala ya kufa, abebwe nje. Nani atakuja kukukamata? Kisha tumia kitu ambacho wengi wanakiruka. Mkikutana na viumbe, mwongozaji anarusha dadu mbili za ludo aone wamewapokeaje. 2 peke yake ndiyo shambulio la papo hapo, yaani mara moja kati ya 36. 3 hadi 5 wana uadui, 6 hadi 8 wanasitasita, 9 kwenda juu hawashambulii, 12 ni marafiki. Na vita vikianza, kuna kurusha dadu mbili nyingine kuona kama wanaendelea au wanakimbia. Goblini wa zamani wana uoga wa kibinadamu. Saa nzima ya kupigana haitatokea.

Uzoefu nao, yaani pointi za kupandia ngazi, hautoki sana kwa kuua: sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa pangoni ni pointi moja. Mimi sarafu nimezitupa, hazina yangu ni misalaba ya shaba, ile waliyokuwa wanafanyia biashara wazee wetu wa Katanga. Mmoja nauhesabu pointi 50. Watoto wanajadiliana nani ataubeba maana ni mzito.

Yaya_Kenya:

Na muchawi usimuite muchawi!! Batoto ya jirani bakienda kusema ku kanisa "leo nilikuwa muchawi kwa Papa", utaona wageni ku mlango. Miye ninasema "mujuzi".

FundiDadu:

Hilo la Yaya si mzaha. Huko Marekani kwenyewe miaka ya 80 makanisa yaliupiga vita mchezo huu, na hapa kwetu mtoto kuitwa mchawi ni hatari ya kweli. Waite wazazi wa jirani wakae mchana mmoja, waone ni hesabu na hadithi.

Jambo dogo: mwenge unawaka zamu sita za dakika kumi. Weka njiti sita za kiberiti mezani, toa moja kila zamu. Watoto wa Lubumbashi hawahitaji maelezo ya giza ni nini.

Papa_Kamalondo:

Narudi na ripoti. Tulichukua sheria za 1981, na pointi za juu kama Mwalimu alivyosema. Kuhani wa ngazi ya kwanza hana sala hata moja kwenye kitabu, mtoto wa jirani akauliza "pasta gani huyo?", nikampa moja.

Pango nililiita shimo la zamani la wachimbaji. Goblini watatu, nikarusha, ikatoka 9. Binti yangu akawapa bukari, ugali wetu. Wakatuonyesha njia ya pembeni. Njiti ya tano ilipotoka wote wanne walisimama kwenye viti, na mkubwa hakuomba kitabu hata mara moja. Alizimia kwa nyoka, dada yake akamburuta.

Mama wa jirani alikaa nasi. Ameomba awe mwizi Jumapili ijayo.

Shida iliyobaki: wa nne alichagua elfu, na kitabu kinasema elfu anahitaji pointi 4,000 kupanda ngazi, mwizi 1,200 tu. "Elfu anataka elfu nne!" wanamwimbia, naye amenuna. Nipunguze?

Mzee_wa_Ruashi:

Usipunguze. Anapigana na anajua ya mjuzi, vyote viwili. Mwambie hivyo mbele ya hao wanaoimba.

Yaya_Kenya:

Umupunguzie, Papa. Iko na miaka ngapi ule mutoto?