YULE JAMAA WA YADI ANANIAMBIA NIKANUNUE PASSO? MBELE YA SHEMEJI YANGU?

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, hakuna haja. Aliyewahi kutafuta gari la mkononi hapa Dar anamjua: anakuita "bosi" mpaka pesa iingie, ikishaingia hata salamu haitikii.

Kaniuzia Mazda RX-8 nyekundu, gari ya michezo. Siku ya kuikagua nimeikuta inaunguruma. Nikamwambia izime, niiwashe mwenyewe. "Bosi, iache ipumue, gari za michezo hazipendi kuzimwazimwa." Mnyama yule! Hii ni injini ya rota, haina pistoni, ina vipande vya pembe tatu vinavyozunguka. Kompresheni yake, ile nguvu ya kubana hewa ndani, ikishaisha, asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri tu. Ipate moto, uizime: haiwaki ng'o mpaka ipoe. Analijua hilo kuliko jina la mama yake, ndiyo maana hakuizima!

Leo imenizimikia sheli. Nimepiga stata mpaka betri ikafa, foleni nyuma yangu imefika Chalinze. Nikaivuta hadi kwake. Akacheka, meno yote nje, akasema gari ya michezo si ya kila mtu, nikanunue Passo, kile kigari kidogo cha Toyota. PASSO! Na shemeji yangu amesimama pale pale anasikia.

fundi_kigogo: Pole mkuu. Kompresheni ilipimwa? Rota haitaki geji ya pistoni. Kila rota ina pande tatu, geji ya kawaida inakuonyesha upande wenye nguvu tu, uliokufa unajificha. Kikomo cha Mazda kwa hiyo ni shinikizo la kPa 680, chini ya hapo injini inashushwa.

Mleta uzi: Nilimwomba ipimwe! Akasema injini ya lita 1.3 kompresheni ya nini. Halafu leo ananitajia Passo!

Mama_Kishungi: Sasa Passo imekukosea nini? Yangu inanipeleka Tanga na kunirudisha, wewe umeishia sheli.

Kidevu: 😂😂😂 Shemeji alisemaje?

Mleta uzi: Hajasema kitu. Amekaa kimya njia nzima. Mtu anichekee usoni mbele ya kaka wa mke wangu!

jicho_kavu: Inakula oili?

Mleta uzi: Inakunywa kuliko petroli!

fundi_kigogo: Kula oili kidogo ndivyo ilivyoundwa, kuna pampu inaiingiza ndani kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Sili zikilika ndipo kompresheni inaondoka. Marekani Mazda waliongeza dhamana ya injini hiyo hadi miaka 8 au maili 100,000. Hawakuwa wakigawa zawadi.

Kidevu: Yaani gari haina pistoni, haina vali, na wewe ukatoa hela 😂

boxer_mtupu: Afadhali yako imegoma kuwaka. Mimi Subaru Impreza yenye injini ya EJ25, gasketi ya hedi imeungua, maji yanatoka kwenye rejeta yanaingia kwenye oili. Fundi kashusha injini nzima, sasa hapokei simu.

jicho_kavu: Huyo fundi yuko Tabata? Mfupi?

boxer_mtupu: Huyo huyo!!

jicho_kavu: Alikaa na turbo yangu tangu Ramadhani. Nilipoifuata akanipa ya Forester.

Mama_Kishungi: Huyo mjinga alimfungia mdogo wangu taimingi belti iliyotumika. Ilikatika, vali zikapigana na pistoni, injini nzima kwaheri.

Mleta uzi: Wakuu, tunamzungumzia wa yadi! ALINICHEKA!

boxer_mtupu: Subiri kidogo mkuu. @jicho_kavu turbo yako ilirudi?

Kidevu: Nyie nunueni Toyota Altezza mpumzike.

jicho_kavu: Altezza ipi? RS200 yenye injini ya 3S au ile AS200 yenye injini ya 1G inayopitwa na daladala?

Kidevu: 1G haifi, wewe! Umewahi kuona 1G imenoki?

fundi_kigogo: Nimeziona nyingi tu. Mnaziendesha bila oili.

Kidevu: Weka picha.

Mama_Kishungi: Kuna anayeuza stata ya Passo? Ya kwangu imeanza kusumbua.