Wauza kompyuta wa tao, acheni kutuuzia mashine za ofisi mkiziita za gemu

Wadau, uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira. Asiye na nafasi apite. Lakini kama wewe, mdogo wako au mtoto wa jirani anapanga kushuka tao, katikati ya Nairobi, wikendi hii na pesa za PC ya gemu, keti hapa kwanza. Kuna wizi unaendelea mchana peupe kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli, na tumeuzoea mpaka tunauita biashara.

Mchezo uko hivi. Ofisi za Ulaya zinabadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka kadhaa. Zile kuukuu zinapakiwa kontena, zinashuka Mombasa, zinafika Nairobi, na sisi tunaziita eksi-UK hata zikitoka Uholanzi. Hapo sina neno. Uzi huu nauandika kwenye eksi-UK na haijawahi kunisumbua. Mashine ya ofisi inafanya kazi za ofisi vizuri sana. Shida inaanza pale muuzaji anapoing'oa bodi, anaihamishia kwenye kasha la kioo lenye feni za taa, anachomeka kadi ya grafiki dhaifu kuliko zote alizo nazo, kisha anaiweka dirishani. Ukiiwasha inamulika kama nganya, matatu ya mataa, ya Rongai. Kitu kilichokuwa cha elfu kumi na kitu asubuhi, jioni ni PC ya gemu na bei imepanda mara tatu.

Binamu yangu anakaa Kahawa West, anahariri video za harusi, na usiku akimaliza kazi anataka kucheza Valorant, gemu ya risasi ya mtandaoni, na wenzake. Hana makuu. Alishuka tao na Sh48,000 alizoweka kidogo kidogo, broka akamdaka pale chini ("buda, unatafuta nini, laptop, PC?"), akapandishwa ngazi, na alipotoka alikuwa amebeba taa nyingi na kompyuta kidogo. Aliponiletea niiangalie niliifungua ubavu, nikaanza kusoma stika moja moja, na kadiri nilivyosoma ndivyo damu ilivyochemka.

Prosesa ni Core i5-4570. Hiyo ni ya mwaka 2013, kizazi cha nne cha Intel. Ram ni kijiti kimoja cha 8GB, wakati prosesa yenyewe ina njia mbili za memori, kwa hiyo nusu ya kasi ya memori imeachwa mezani ili duka liokoe kijiti. Diski ya pili, ile ya 1TB ya kuwekea video, aliambiwa ni mpya. Nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, nikaona imewaka zaidi ya saa 30,000. Mwaka mzima una saa 8,760. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa njooni kwa kadi, maana hapa ndipo wizi ulipolala. Aliuziwa "grafiki ya 4GB". Ukiitoa na kuigeuza ni GT 730. Kadi hii Nvidia waliitoa mwaka 2014, na hata mwaka huo haikuwa ya kuchezea gemu kubwa. Ilikuwa ya kumsaidia mtu achomeke skrini ya pili na kutazama video bila kukwama. Chini ya jina hilo moja kulikuwa na kadi tatu tofauti: moja yenye chipu ya zamani, ya familia ya Fermi, moja ya familia iliyofuata, Kepler, yenye memori ya polepole ya DDR3 ya biti 64, na moja ya Kepler yenye memori ya kasi ya GDDR5. Ile ya DDR3 ya biti 64 inapitisha data karibu gigabaiti 14 kwa sekunde. Ya GDDR5 inafika 40. Jina lile lile, na maboksi yanafanana. Kisieni binamu alipewa ipi.

Muuzaji hagusii hayo. Yeye ni 4GB, 4GB, 4GB, kwa sababu anajua mteja ameshika namba hiyo kichwani. Memori kubwa kwenye chipu dhaifu haikuongezei fremu, yaani picha kwa sekunde, hata moja. Chipu inakata pumzi kabla memori haijajaa nusu. Na kuna tusi zaidi: Nvidia waliacha kutoa draiva za gemu, programu za kuiendesha kadi, kwa chipu za Kepler mwaka 2021, wakabakisha marekebisho ya usalama tu, nayo yakakoma Septemba 2024. Zile za Fermi zilitupwa tangu 2018. Kwa hiyo unamuuzia kijana kadi ambayo mwenye kuitengeneza ameshaizika, halafu unamwambia ana waranti ya miezi sita.

Je, anaweza kuiongezea nguvu baadaye? Hivyo ndivyo alivyoambiwa, kwamba "unaapgredi polepole." Uongo. Tundu la kadi kwenye bodi linatoa wati 75 basi. Kadi ya maana inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai waliyoiacha humo ni ile ile ya ofisi, ya wati 240, haina waya huo. Kuibadilisha nayo ni kazi, kwa sababu bodi nyingi za mashine za ofisi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, zina plagi zao wenyewe. Utatafuta adapta Luthuli mpaka viatu viishe soli. Walibadilisha kasha, wakabadilisha feni, lakini kile kitu cha pekee ambacho kingemsaidia kesho hawakukigusa, kwa sababu hakiwaki taa.

Na Valorant yenyewe? Haifunguki. Duka liliweka Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa usakinishaji, kwa sababu Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama, na i5 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha hiyo. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ule ulinzi wa mashine inapowaka. Isipoviona inakutupia kosa la VAN9001 na kukufungia mlango. Alipopiga simu dukani akaambiwa arudishe Windows 10. Windows 10! Hiyo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu anahariri video za wateja, anatumiwa pesa za kazi kwenye mashine hiyo hiyo, na fundi anamwambia arudi kwenye mfumo uliokwisha muda wake ili acheze gemu.

Nilienda naye dukani. Tulimkuta jamaa aliyemuuzia, mtu wa tabasamu zuri.

"Boss, kwani haiwaki?"

Inawaka.

"Sasa shida iko wapi? Hiyo gemu ndiyo nzito. Mwambie acheze GTA ya zamani, tulimwekea bure."

Walimwekea, ni kweli, pamoja na folda nzima ya gemu za wizi, zile za kufungua kwa kuzima antivairasi kwanza. Tukamwonyesha kadi, tukamwambia binamu alisema waziwazi anataka ya Valorant na ya kuhariri. Akatuonyesha risiti. Chini kabisa, kwa wino uliofifia, imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akafunga mjadala, akamgeukia mteja mwingine, kijana wa sare ya shule akiwa na babake. Nilimwona yule mzee akitazama taa. Nilimvuta kando nikamwambia, "Mzee, omba uonyeshwe jina kamili la kadi kwanza." Tukafukuzwa dukani. Sijali.

Hayo maneno ya hairudishwi ndiyo yanayoniudhi kuliko hata GT 730. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza kumwambia mtu kitu ni cha kiwango fulani na hali si hivyo. Na ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukimweleza muuzaji unakitaka kitu kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Muuzaji hawezi kukupiga chenga kwa makusudi halafu akajificha nyuma ya sentensi ya risiti. Mahakama ya Madai Madogo ipo Milimani tangu 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Wenye maduka wanajua hayo. Wanachotegemea ni kwamba wewe utaona aibu au uvivu.

Msidhani GT 730 ndiyo mwisho wa balaa. Hiyo angalau ina jina lake la kweli. Kuna zile kadi za kuchakachua: chipu ya mwaka 2011, GTX 550 Ti, inaandikwa upya programu yake ya ndani ili Windows iione kama GTX 1050 Ti. Ukifungua mipangilio unaona jina zuri, unalipa. Ukianzisha gemu, mashine inazima. Dalili ya kwanza ni tundu la bluu la VGA mgongoni mwa kadi. Familia ya 1050 Ti haina kabisa njia ya kutoa picha ya VGA. Dalili ya pili ni GPU-Z, programu ndogo ya bure, ambayo tangu 2018 inaweka neno FAKE mbele ya jina ikikuta chipu iliyobadilishwa jina. Sioni kwa nini duka linalouza kadi halali likatae uiendeshe.

Kwa hao wa "ruta ya gemu" sitapoteza muda. Seva nyingi unazochezea ziko mbali, kama Johannesburg au Ulaya, na mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wenyewe unachelewesha gemu. Antena nane haziwezi kuisogeza Frankfurt hadi Ruiru. Kiti cha gemu nacho ni kiti cha ofisi kilichochorwa mistari myekundu. Kama mgongo unauma, nunua kiti cha ofisi. Na skrini ya 144Hz, ya kuonyesha fremu 144 kwa sekunde, waliyotaka kumuuzia binamu pamoja na kadi inayotoa fremu ishirini, hiyo niliwavulia kofia.

Halafu kuna nyinyi humu. Ndiyo, nyinyi. Kijana akiuliza swali la kwanza, "hii PC ni nzuri?", anamiminiwa vicheko. "Hiyo ni jiko la kuchomea mayai." "Rudi kwa PS." Mwenye kadi ghali ya RTX 4070 anaweka picha ya dawati lake badala ya kujibu. Ujuzi wa kompyuta mmeufanya klabu, na mtu asiyekuwa na kadi ya uanachama anaachwa aende kwa broka, ambaye angalau anamwita buda na kumsikiliza. Mnaposema "angefanya utafiti kwanza", utafiti wenyewe angeufanya wapi kama si hapa? Na tusidanganyane, baadhi yenu ndio mnaopokea kamisheni za kupeleka wateja kwenye maduka hayo hayo. Majina yenu yanajulikana, siyaandiki.

Mtu mmoja ameshaniandikia inboksi kuuliza, sasa mwenye elfu arobaini na kitu afanye nini. Kama ni gemu tu, mimi ningemwambia achukue PS4 ya mtumba na chenji abaki nayo. Najua wapenda PC mtanitukana, tukaneni. Kama lazima iwe PC kwa sababu ya kazi, asake prosesa ya Ryzen yenye grafiki ya ndani, aina ya 5600G ya mwaka 2021. Hiyo inacheza Valorant bila kadi yoyote, na siku akipata pesa bodi inapokea kadi ya kweli. Kadi za RX 580 zilizotoka kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali nazo zipo, zilimwagika sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Sizikatai, mradi uione ikiendesha gemu nzito mbele yako kwa muda wa maana, na feni zote zikizunguka.

NYONGEZA: Wengi mnauliza ukaguzi wa dukani unafanywaje. Weka GPU-Z na CrystalDiskInfo kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Kabla ya kulipa, omba uchomeke. Angalia jina la kadi, aina ya memori na upana wa biti, halafu saa za diski. Dai risiti iandikwe jina kamili la kila kipande, siyo "gaming PC x1". Wakikwambia flashi za nje haziruhusiwi, shuka ngazi. Wakikwambia stima imepotea, subiri irudi, na M-Pesa yako ikae kwenye simu mpaka hapo.

Na kama kuna aliyewahi kufungua kesi ya kompyuta pale Milimani, aandike hapa chini alibeba stakabadhi gani. Binamu anaenda Ijumaa.