Tupeane uzoefu: kipandikizi cha jino, raha ya kinywa na utulivu wa moyo

Mlinzi wa Fizi: Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaoshika kazi ya vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazozikwa kwenye mfupa wa taya ili zishike jino la bandia, na wa yeyote anayetaka kujua mtu hujisikiaje akishainuka kwenye kiti. Sifa za titani zinajulikana. Tupeane ya kinywani: nini kinakera, kwa nini, na moyo unatulia lini. Mwageni mnachokijua, kwa vipimo.

Dokta wa Kofia: Naanza na hisia, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Jino la asili limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi laini, na nyuzi hizo ndizo zinazohisi. Kipandikizi kimegandamana na mfupa moja kwa moja, hakina nyuzi. Jino la asili linahisi kitu chembamba cha mikromita 20 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipandikizi huhitaji unene mara kadhaa ya huo. Pia jino la asili huzama kidogo mtu anapouma, kipandikizi karibu hakisogei. Kwa hiyo kofia, yaani jino la bandia linalokaa juu ya kipandikizi, ikiachwa juu kidogo tu kuliko meno ya jirani, mzigo wote unaiangukia yenyewe na mgonjwa hana habari, mpaka porselini inakatika au skrubu inalegea.

Dawa yake ni kupima kwa karatasi nyembamba ya chuma ya mikromita 8. Mgonjwa akiuma polepole, karatasi ivutike na kutoka pale kwenye kofia, huku meno ya jirani yameishika. Akiuma kwa nguvu, kofia nayo iishike. Usiridhike na alama za karatasi ya rangi (inayoacha doa pale meno yanapogusana) peke yake, hizo hazikuambii nguvu.

Na umwambie kabla: "Hili halitahisi kama jino lako la zamani, litakuwa kimya." Asiyeambiwa huudhani ukimya huo ni kasoro, akakesha akilisukumasukuma kwa ulimi.

Mikono ya Upasuaji: Siku za kwanza ndizo zenye hofu kubwa. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Usiposema hivyo mapema, siku ya tatu mtu anaamini kazi imeharibika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 kuweka, 20 kuondoa, siku ya kwanza. Chakula laini, na asinyonye kwa mrija.

Kuna jambo moja lisilosubiri: ganzi. Dawa ya ganzi huisha kwa saa chache. Kwa taya la chini tunaacha angalau milimita 2 juu ya mfereji wa neva, lakini bado mpigie mgonjwa simu kesho yake asubuhi umuulize kuhusu mdomo na kidevu. Kama bado vimekufa ganzi, arudi siku hiyohiyo apigwe picha. Kipandikizi kinachobana neva kikitolewa ndani ya saa 24 hadi 36, matumaini ya hisia kurudi ni makubwa zaidi. Mtu anayemwagikwa na chai kidevuni bila kujua huanza kukwepa kula mbele za watu, na huzuni yake huzidi maumivu yoyote ya kidonda.

Fundi wa Maabara: Niongeze kuhusu kusubiri mfupa ushike kipandikizi. Taya la chini miezi 2 hadi 3, la juu hata 6. Kama pengo ni la mbele, miezi hiyo ni mirefu mno kwa mtu anayefunika mdomo kwa kiganja kila akicheka. Muda wa kusubiri anahitaji jino la muda. Likwangueni chini libaki wazi milimita 2 juu ya kidonda, maana likikandamiza fizi linaweza kutikisa kipandikizi ambacho bado hakijashika.

Kwa wasio na meno kabisa chini: mwaka 2002, wataalamu waliokutana McGill, Montreal, Kanada, walisema meno ya bandia juu ya vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza. Hofu ya meno kuruka mtu akipiga chafya inaondoka. Ila vile vipete vya nailoni vinavyoshikiza meno hayo kwenye vipandikizi huchakaa. Meno yakianza kucheza, badilisha vipete, usifanye upya meno yote. Na kwa mzee mwenye vidole vyenye baridi yabisi, weka kipete chenye mshiko mdogo. Cha nguvu hataweza kuvua, ataacha kusafisha.

Mlinzi wa Fizi: Usafi, kwa ufupi: brashi ndogo ya kupita kati ya meno yenye waya uliofunikwa plastiki, kila siku. Saruji (gundi ya kubandika kofia) iliyobaki chini ya fizi ndiyo adui. Fizi inayotoka damu au usaha kuzunguka kipandikizi mara nyingi haiumi, na mfupa unaliwa hivyohivyo.

Dokta wa Kofia: Matamshi nayo. Aliyewekewa meno yote ya juu, mwambie ahesabu kuanzia sitini hadi sabini. "S" ikigeuka "sh" au ikipiga mluzi, nyuma ya meno ya mbele pamejaa au pana uwazi. Asome kwa sauti dakika 10 kila siku; baada ya wiki chache pasipo nafuu, rekebisha kofia, usimlaumu ulimi.

Mlinzi wa Fizi: Na yule ambaye picha ya eksirei ni safi, fizi nzuri, lakini anasema "hili si langu"?

Dokta wa Kofia: Huyo msikilize bila kumwonyesha eksirei. Lile dodoso la maswali 14 (OHIP-14, linalopima jinsi kinywa kinavyoathiri maisha ya mtu), lenye alama 0 hadi 56, kubwa zikiwa mbaya zaidi, mpe kabla ya upasuaji na tena baada ya kofia, uone ni swali gani halijashuka: kula, kusema, au aibu. Ikiwa ni aibu, mpe kioo akishike kwa urefu wa mkono, sio puani, aonyeshe kwa kidole. Mara nyingi ni rangi, au ukingo mweusi kwenye fizi nyembamba. Kofia iliyofungwa kwa skrubu hutolewa na kurudishwa maabara bila kugusa mfupa. Ukiirudisha, kaza kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, ngoja dakika 10, kaza tena, kisha ziba tundu kwa utepe wa tefloni kabla ya kujaza.