Siku ya michezo chekechea: nani aliwaambia kijiko kinashikwa kwa meno?

Wakuu, msimu wa siku za michezo kwenye shule za awali ndio huu, na madudu ni yale yale. Uzi huu ni wa wamiliki wa shule, walimu wa michezo, na nyie wazazi mnaopiga makofi chini ya turubai.

Naanza na baya kuliko yote, mbio za ndimu na kijiko. Mtoto wa miaka 4 mnamng'atisha mpini wa kijiko kisha mnamwambia akimbie! Macho yake yote yako kwenye ndimu, ardhi haioni. Akijikwaa anakwenda kifudifudi, mikono haiwahi kutangulia, na ule mpini wa chuma unaingia kwenye kaakaa au kooni. Kijiko kinashikwa MKONONI. Na kiwe kikubwa, cha kupakulia. Cha chai ndimu haikai, hatua ya pili iko chini, mtoto anabaki ameinama anaikimbiza kwenye nyasi huku wenzake wameshamaliza na anaanza kulia. Ndimu zikisumbua wekeni kiazi kidogo chenye upande bapa. Mita 10 zinatosha kabisa.

Magunia nayo. Gunia la kilo 100 ni la mahindi. Mtoto wa urefu wa mita moja anazama mle mpaka kidevuni, lile la ziada linajikunja miguuni, akiruka anakanyaga mkunjo na kuangukia uso. Chukueni kiroba cha mchele cha kilo 25, kunjeni mdomo wake mara moja, mtoto aushike kwa mikono miwili, kila mguu ukae kwenye kona yake. Kwenye nyasi au mchanga tu. Juu ya pevingi HAPANA, hata kama uwanja wenu ndio huo, futeni mchezo.

Halafu muda. Watoto wanapangwa mstari saa 2 asubuhi, mgeni rasmi anaingia saa 5, hotuba, keki, mbio zinaanza saa 6 jua la utosi. Mbio zenyewe sekunde kumi! Mtoto mdogo mwili wake unapata joto haraka kuliko wako na hakumbuki kuomba maji. Saa 2 filimbi ilie, mgeni rasmi atakuta walipofika.

Kwenye kumalizia ndiko wengi mnaharibu bila kujua. Mmefunga kamba ya manila kwenye nguzo mbili, imefika shingoni kwa mtoto. Mnataka nini? Utepe ni uzi wa sufi, unashikwa na walimu wawili kwa vidole tu, usawa wa kifua cha mtoto, na unaachiwa ukiguswa. Pia mtoto wa umri huu akiona umati anasimama kabla ya mstari, anageuka kumtafuta mama. Mnaita mzembe! Hajafundishwa. Mwalimu aliyezoeana naye asimame mita 5 baada ya utepe, mikono wazi, na wiki nzima kabla wafanye hivyo hivyo kwa filimbi ile ile. Wazazi wenye simu wakae nyuma ya mwalimu huyo, sio katikati ya njia.

Njia zenyewe: za wakubwa uwanjani ni mita 1.22, lakini wakubwa wanakimbia wamenyooka. Hawa wanapinda, wapeni mita 1.5 kila mmoja, watano kwa raundi. Kumi na wawili kwenye upana wa mita 6 lazima wagongane. Mistari isiwe ya chokaa, inaunguza macho mtoto akiangukia.  Na pangeni kwa mwezi wa kuzaliwa. Aliyetimiza miaka 4 juzi na anayekaribia 5 wako darasa moja, ila miguu yao haiko sawa hata kidogo.

Mshereheshaji anayemtania wa mwisho kwenye spika anyang'anywe maiki palepale.

Wazazi, kabla ya kulipa mchango wa fulana nendeni shuleni siku moja kabla. Ombeni kuona vijiko, viroba na utepe, ulizeni saa ya kuanza na nani atasimama mwishoni. Mkijibiwa "tutaona kesho", toeni jina la mtoto kwenye mbio hizo.