Ushauri: tunapeleka wanajeshi 12 kuzamia Hurghada, wote wamejifunzia Ziwa Victoria

MratibuEntebbe:
Wakubwa, shikamooni. Nimepewa jukumu la kuandaa safari ya mafunzo ya kuzamia, siku 10 Hurghada, Misri, kwenye Bahari ya Shamu. Wako 12: wakufunzi watatu, na tisa wenye cheti cha msingi cha kushuka mpaka mita 18. Wote wamezoea ziwa tu, mita 6 hadi 12, maji ya giza, mkono kwenye kamba. Ratiba ya sasa ina mbizi mbili asubuhi ya siku ya 10, kisha ndege ya kurudi Entebbe kupitia Cairo saa nne usiku. Naomba ushauri kuhusu uzito wa risasi (madini mazito anayojifunga mzamiaji ili azame), vifaa vya kubeba, mazoezi ya kabla ya safari, na kama ratiba hiyo inafaa.

Nahodha_Kigungu:
Afande, nianze na ratiba kwa sababu hapo ndipo mtu ataumia. Hizo mbizi za siku ya 10 zifute. Aliyezamia siku kadhaa mfululizo anatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na kwa kundi kubwa kama lenu wekeni 24. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji bado inatoka taratibu. Ndani ya ndege hewa hupungua mpaka kufanana na ya mlima wa mita 2,400 hivi, mapovu yakatokea kwenye damu na viungo. Tena nyinyi hamtui usawa wa bahari, Entebbe iko juu zaidi ya mita 1,100. Mbizi ya mwisho imalizike siku ya 9 saa sita mchana. Siku ya 10 ni ya kuosha vifaa na kuvikausha.

Jambo ambalo Uganda linasahaulika: mtu akirudi nyumbani na uchovu na maumivu ya viungo, kila mmoja atasema malaria. Apimwe malaria, sawa, lakini daktari aambiwe siku hiyohiyo kwamba mgonjwa alizamia, kina gani, na alitoka majini saa ngapi. Ganzi, mguu kukosa nguvu, kizunguzungu au kushindwa kukojoa visisubiri majibu ya maabara. Apewe oksijeni safi mara moja huku chemba ya mgandamizo, chumba cha kumtibu mwenye mapovu mwilini, ikitafutwa.

Mama_Mtungi:
Kuhusu risasi. Maji ya chumvi hubeba mtu kuliko ya ziwa, na Bahari ya Shamu ina chumvi nyingi kuliko bahari za kawaida: gramu 40 hivi kwa kilo ya maji, wakati kwingine ni 35. Pima mtu pamoja na vifaa vyake vyote, kisha chukua asilimia 3. Wa kilo 80 mwenye vifaa vya kilo 25 ataongeza kilo 3 juu ya alizotumia ziwani, suti ya kuzamia ikiwa ileile. Akivaa suti nene zaidi, hesabu hiyo haitoshi.

Halafu wapimwe majini siku ya kwanza. Jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa, likiwa tupu na pumzi imeshikwa, maji yafike usawa wa macho. Akitoa pumzi azame polepole. Kipimo hiki ni cha mtungi uliobaki na bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Kama mtungi umejaa, aongeze kilo 2, kwa kuwa hewa atakayoitumia kwenye mtungi wa lita 12 ina uzito huo. Mitungi ya alumini huelea ikikaribia kwisha. Kosa la risasi halionekani wakati wa kushuka. Linaonekana mwishoni, pale mtu anapotakiwa kusimama mita 5 kwa dakika 3 ili naitrojeni itoke, akashindwa na kuchomoka juu.

Kamba_na_Boya:
Mimi ninachohofia zaidi ni mazoea ya ziwa. Askari wa ziwani amefundishwa kuona kwa mikono, na Hurghada mikono hiyo ni hatari. Kuna samaki-jiwe mwenye miiba ya sumu anayefanana kabisa na mwamba, na kuna matumbawe yanayochoma kama moto. Glavu haziruhusiwi kwenye hifadhi za bahari za huko, kwa hiyo msizitegemee. Wafundisheni kukunja mikono kifuani na kugeuka kwa mapezi peke yake. Hilo linafanyika kwenye bwawa la kuogelea hapa hapa: mtu aelee mita moja juu ya sakafu dakika 10 bila kugusa chochote.

La pili ni kina. Ziwani tope humsimamisha mtu kwenye mita 10. Kule kuna kuta za matumbawe zisizo na sakafu ya karibu, na maji ni meupe hata mita 30 zinaonekana kama 10. Anayefuata macho atapita mita 18 bila kujua. Kila mmoja awe na kompyuta yake ya kuzamia mkononi, ile inayoonyesha kina na muda, aitazame kila dakika, na mkufunzi abaki upande wa chini wa kundi. Kila mkufunzi achukue watatu, wasizidi.

Hewa pia ihesabiwe kabla. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 60 akiwa mita 20, kwa kuwa mgandamizo huko ni mara tatu. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200, ukiacha bar 50 za akiba, unampa dakika 30. Mgeni mwenye wasiwasi hewa hiyo haimfikishi dakika 30.

MratibuEntebbe:
Asanteni sana, ratiba naibadilisha leo. Na vifaa?

Mama_Mtungi:
Bebeni regyuleta (kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi), kompyuta, miwani na boya la ishara lenye kamba yake. Mitungi na risasi kodini. Betri za litiamu za tochi zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, zimetolewa ndani ya tochi. Magwanda na droni viacheni kambini. Cheti cha homa ya manjano kila mtu awe nacho, Misri wanakidai kwa wanaotoka Uganda.

Na chumvi, tafadhali. Ziwani watu hukung'uta tu vifaa wakaondoka. Chumvi ikikauka kwenye kitufe cha kujaza jaketi, kitufe hunasa, jaketi likajijaza lenyewe na kumrusha mtu juu. Osheni kila jioni kwa maji yasiyo na chumvi, na maji yaingie ndani ya jaketi pia. Regyuleta ifunikwe kifuniko chake, na isibonyezwe ikiwa ndani ya maji, la sivyo maji yanapanda mpaka kwenye mpira.

Nahodha_Kigungu:
Nimesahau oksijeni ya boti. Muulize mwenye boti mtungi wake una lita ngapi na bar ngapi, usikubali jibu la "tunayo". Mgonjwa mmoja hutumia lita 15 kwa dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 200 unakwisha baada ya saa mbili na dakika 13, na wanaozamia pamoja wanaweza kuumia wawili. Kama mnakwenda mbali zaidi ya saa moja kutoka bandarini, daini mitungi miwili na barakoa mbili, mvione kwa macho kabla kamba ya boti haijafunguliwa.