Likizo ya Karibi na watoto wawili wadogo na mavyaa: twende kisiwa gani?

MamaSwabra (Mississauga)

Asalaam aleikum jamaa wa humu, na wengine wote hamjambo.

Naomba ushauri wa mtu aliyefika, maana matangazo nimeyasoma mpaka macho yameniuma na kila kisiwa kinasifiwa kwa maneno yale yale. Tuko Mississauga. Swabra ana miaka minne. Yusuf ana mwaka na nusu, ndiyo kwanza ameshika mbio na hashikiki. Mavyaa yangu yuko nasi, amekuja kututembelea kutoka Mombasa kwa viza ya wageni, pasipoti yake ni ya Kenya. Mume wangu amepata likizo mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, baina ya Idi mbili. Baridi ya mwaka huu imetuchosha, nataka watoto wakanyage mchanga na bibi yao angali nasi.

Jamaica ndiyo tuliyoifikiria mwanzo, lakini baada ya kimbunga Melissa cha Oktoba 2025 mume wangu moyo umemrudi nyuma. Sasa yeye anavutwa na Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, kwa sababu ya bei. Mimi nimesifiwa Barbados na mwenzangu wa kazini. Shemeji yangu naye anasema tukipitia Miami tikiti zitashuka.

Maswali yangu: kisiwa gani kwa watoto wa umri huu? Hoteli au nyumba ya kupanga? Na Yusuf huokota kila kitu na kukitia mdomoni, kuna cha kuogopa huko?

BabaNeema_Ottawa

Sisi tulikwenda Punta Cana na binti yetu. Dada, usijitese: unalipa mara moja, chakula kipo, bwawa la watoto lipo, hupiki wala huoshi sahani. Klabu ya watoto inawachukua asubuhi, wazazi mnapumzika. Barbados ni ghali sana, muulize yeyote. Na kwa pesa zile zile za Barbados mimi ningeongeza kidogo niende Diani.

BintiShela

Waaleikum salaam Mama Swabra, na mavyaa yako mpe salamu zangu. Mimi ni mtu wa Lamu. Mume wangu alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Cave Hill, na wanangu wamejifunza kutembea na kuogelea kule kule Barbados. Visiwa vingine wapo watakaovieleza, mimi nitasema cha kwangu.

Kabla hamjachagua kisiwa, chagueni upande. Kule hakuna pepo za kusi na kaskazi kupokezana kama kwetu. Upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kila kisiwa kina upande unaopigwa na upande wa demani, uliotulia. Barbados, ukienda mashariki, Bathsheba kushuka mpaka Crane, hiyo ni Atlantiki yenyewe: mawimbi mazito na mikondo inayomvuta mtu mzima akapotea, sembuse mtoto. Ukija magharibi, kuanzia Carlisle Bay pale Bridgetown, ukapanda Paynes Bay, Holetown, mpaka Mullins, siku nyingi maji yamelala. Swabra atasimama maji ya kiunoni bila kuangushwa. Kaskazini mwa Atlantiki kukiwa na dhoruba huja mawimbi marefu hata upande huo, lakini hayo ni ya miezi ya baridi zaidi, mwishoni mwa Aprili mtakuwa mmeshayapita.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa atalifurahia. Kwetu maji yakipwa siku za bamvua unatembea mpaka uchoke kabla ya kuyafikia, yanashuka na kupanda zaidi ya mita tatu. Kule kupwa na kujaa hakuzidi sana mita moja. Ufuo ulioupenda asubuhi unaukuta vile vile jioni, na ratiba ya siku unaipanga kwa usingizi wa Yusuf, bahari haikuamrishi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na BabaNeema, kwa heshima zote. Fuo za Bávaro na Punta Cana zinatazama mashariki. Tangu 2011 mwani wa kahawia unaoelea, ule wanaouita sargassum, umekuwa ukiletwa kwa wingi kutoka Atlantiki, na msimu wake huanza kushika kasi Machi na Aprili ukaendelea mpaka kiangazi. Ukirundikana ufukweni na kuoza unatoa gesi yenye harufu ya yai viza, inawasha macho na kukaba kifua. Mtoto mwenye pumu usimsogeze karibu. Hoteli hujitahidi kuuzoa, lakini bahari huleta mwingine kesho. Barbados nayo inaupata, tena sana, upande wa mashariki na baadhi ya fuo za kusini. Magharibi huwa mdogo mno.

Klabu za watoto za hoteli nyingi humpokea mtoto aliyetimiza miaka minne. Swabra ataingia, Yusuf atabaki mikononi mwenu, na mtakuwa mmelipia starehe msiyoipata. Ongeza suala la halali na baa iliyo katikati ya kila kitu. Mama mtu mzima wa Mombasa atakula saladi na matunda wiki nzima kwa adabu, wala hatawaambia kitu.

Pangeni nyumba yenye jiko, vyumba viwili, magharibi, mahali ambapo mnavuka njia mmefika baharini. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko yote. Mtoto akisinzia saa nne u mita mia kutoka kitandani kwake, siku yako imesalimika. Akisinzia ndani ya gari, nusu saa kutoka nyumbani, mchana wote mtakuwa na kilio.

Kuhusu chakula, Barbados ni ghali kweli, BabaNeema hakusema uongo. Dukani vitu vingi vimeletwa kwa meli, na jibini, mtindi na nafaka za watoto zitakushtua bei. Basi msile vya meli. Soko la Cheapside, Bridgetown, Jumamosi asubuhi, mpelekeni bibi: atakuta mashelisheli, mihogo, viazi vitamu, mapapai, ndizi za kupika, bamia, na atajua la kufanya. Samaki wanaoruka huuzwa wameshatolewa miiba, jambo zuri kwa watoto. Chakula chao cha taifa ni samaki huyo pamoja na cou-cou, ambayo ni sima ya unga wa mahindi iliyosongwa na bamia. Yusuf wako hataona mageni. Nyama ya kuku ya halali inapatikana: Bridgetown kuna Waislamu wengi wenye asili ya Gujarati, wana misikiti na maduka yao, ulizeni msikitini. Maji ya bomba yanakunywika, yamechujwa na mawe ya matumbawe ya kisiwa chenyewe, msinunue chupa.

Saa zenu hazitabadilika. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, saa ya Toronto na ya Bridgetown ni moja, na ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano. Lakini jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, kama nyumbani, watoto watalala mapema na kuamka alfajiri. Itumieni hiyo. Muwe baharini saa moja asubuhi, saa tatu na nusu mmerudi ndani, mkatoka tena saa tisa na nusu alasiri. Mwishoni mwa Aprili jua la adhuhuri la Barbados linapita utosini kabisa, kivuli chako kinakuwa chini ya nyayo zako. Kaeni ndani, pikeni, laleni.

Sasa hilo la kuokota. Kuna mti unaitwa manchineel, unaota kando ya fuo, hasa huko magharibi. Tunda lake ni dogo, la kijani kuelekea manjano, linafanana na tufaha, lina harufu tamu, na ni sumu. Utomvu wake unababua ngozi, na hata mvua ikinyesha ukajikinga chini yake, matone yanakutoa malengelenge. Mingi imepakwa mkanda wa rangi nyekundu shinani au imewekewa kibao, lakini siyo yote. Mimi nilikuwa na sheria moja kwa wanangu: ufukweni hakiliwi kitu ambacho mama hakukitoa kwenye kikapu, na kivuli ni cha mwavuli wetu au cha mnazi. Kwa Yusuf, kila mfikapo, mmoja wenu akague chini ya miti kwanza kabla hajawekwa chini.

Nguo za madoa ya kijeshi msibebe hata moja, hata kofia ya mtoto. Sheria ya Barbados inazikataza kwa raia, na uwanja wa ndege wanaweza kuzichukua.

Mwisho, makaratasi, na hapa nakuomba unisikilize kwa sababu ya mavyaa yako. Msipitie Miami. Marekani haina utaratibu wa mgeni kupita uwanjani bila viza, hata kama anabadilisha ndege tu, na pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya kupita. Chukueni ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto. Barbados yenyewe haimdai Mkenya viza. Ila angalieni viza yake ya Kanada kabla ya kulipa chochote: imeandikwa kuingia mara nyingi, au mara moja? Ikiwa ni ya mara moja, akitoka kwenda Barbados hiyo imekwisha, hatapanda ndege ya kurudi. Abebe pia kadi yake ya manjano ya chanjo, maana Barbados huitaka kwa watu wanaotoka nchi zenye homa ya manjano. Ninyi kama hamjawa raia, kadi zenu za ukaazi zisiwe zimeisha muda. Watoto waliozaliwa Kanada wasafiri kwa pasipoti za Kanada, na fomu ya uhamiaji na forodha ya Barbados mnaijaza mtandaoni kabla ya kusafiri.

Muuguzi_Halifax

BintiShela amesema karibu yote, naongeza ya kazini kwangu. Barbados haina malaria, lakini ina homa ya dengue, na mbu wake huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi: mikono mirefu myepesi, dawa ya kupaka ya mbu inayofaa umri wa mtoto, na mwageni maji yaliyotuama kwenye ndoo na vyungu vya maua vya hiyo nyumba. Mtoto akishikwa na homa msimpe ibuprofen wala aspirini, mpeni paracetamol na maji mengi, mwende kwa daktari.

Na wale wanaodhani ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua, tafadhali. Watoto wetu waliokaa baridini miezi sita wanaungua. Shati la kuogelea la mikono mirefu, kofia yenye kifuniko cha shingo, na krimu ya zinki, SPF 30 au zaidi. Mnunue Kanada kabla ya kuondoka, pamoja na nepi za kuogelea.

BabaNeema_Ottawa

Sikujua habari ya upande. Sisi kweli siku mbili hatukuingia baharini kwa ajili ya huo mwani, tulikaa bwawani. BintiShela, na vimbunga je? Beryl si ilipita huko?

BintiShela

Ilipita, kaka. Tarehe 1 Julai 2024, kusini kidogo mwa kisiwa, ikavunja mashua za wavuvi wa Barbados kwa wingi, kisha ikaifuta Carriacou ya Grenada. Timu ya kriketi ya India ilikuwa imetoka tu kutwaa Kombe la Dunia la T20 pale Bridgetown, ikakwama hotelini siku kadhaa. Barbados iko mashariki ya wenzake kwa hiyo hupigwa mara chache, lakini hupigwa. Msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Septemba. Mimi na mtoto wa chini ya miaka mitano singekwenda Agosti wala Septemba kwa bei yoyote. Aprili na Mei ndiyo miezi yangu: bei za msimu wa juu zinashuka katikati ya Aprili, na mvua nyingi bado hazijaanza.

MamaSwabra (Mississauga)

Dada, Mungu akulipe. Nimeitoa pasipoti ya mavyaa usiku huu huu: viza yake ni ya kuingia mara nyingi, na kadi ya manjano anayo mkobani. Mume wangu amesoma yote na Punta Cana ameiachia. Tunatazama nyumba Holetown na nyingine Paynes Bay. Limebaki suala la gari. Tukodi? Na mavyaa amesikia habari ya Bathsheba, anataka kuiona.

BintiShela

Nimefurahi sana. Kati ya hizo mbili, Holetown, kwa sababu duka kubwa, duka la dawa na kliniki viko karibu, na pale Folkestone kuna bustani ya bahari yenye kivuli na sehemu ya watoto kucheza.

Gari kodini siku mbili au tatu tu, si safari nzima. Wanaendesha kushoto kama Kenya, mume wako atazoea mara moja, ila barabara za ndani ni nyembamba na miwa inaziba kona. Atapewa kibali cha udereva cha wageni na kampuni ya magari. Viti vya gari vya watoto bebeni vyenu, ndege za Kanada huvisafirisha bila malipo na mnavijua vinavyofungwa. Siku moja mwende Bathsheba: bibi akae kwenye benchi aitazame Atlantiki, watoto wachezee mchanga mbali na maji, hakuna kuoga. Mkirudi mpitie pango la Harrison's Cave, kuna kigari kinachowashusha chini mmekaa, hata bibi ataweza. Siku nyingine jioni, njia ya mbao ya kando ya bahari kutoka Hastings mpaka Rockley, kigari cha Yusuf kitapita vizuri.

Siku zilizobaki pandeni basi. Kutoka Holetown kwenda Bridgetown yanapita mengi. La serikali ni la buluu, nauli dola tatu na nusu za Barbados, na dereva harudishi chenji, wekeni sarafu kamili. Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, haibadiliki. Yale madogo meupe yenye mstari mwekundu, ZR, ni kama matatu za Kenya kwa muziki na kwa mwendo. Na watoto hawa msipande hayo, subirini la buluu.